Simon Kimbangu, mfungwa wa miaka 30 Lubumbashi

Lori la mzigo wa Kongo likishamaliza foleni ya Tunduma huvuka Nakonde, likateremka hadi Kapiri Mposhi, likapitia Copperbelt na Kasumbalesa, na mwisho likaingia Lubumbashi. Enzi za Wabelgiji mji huo uliitwa Elisabethville, na katika gereza lake alifungwa mhubiri mmoja kwa miaka 30. Tunamkumbuka Simon Kimbangu leo kwa sababu swali la kwa nini Mungu hunyamaza mtu anapoonewa halikauki midomoni mwa wasikilizaji wetu.

Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 kijijini Nkamba, magharibi kabisa mwa Kongo, akabatizwa mwaka 1915 katika misheni ya Wabaptisti wa Uingereza. Mwaka 1918, mafua makali yalipokuwa yakiua watu, alisikia wito wa kuhubiri. Hakuutaka. Alikimbilia Léopoldville, Kinshasa ya leo, kutafuta kazi, kisha akarudi kwao.

Tarehe 6 Aprili 1921, kama wanavyosimulia wafuasi wake, alimwombea mwanamke mgonjwa akapona. Habari zikasambaa na watu wakamiminika Nkamba, wakiacha mashamba na vibarua vya wazungu. Aliwahimiza wachome hirizi na waache kuoa wake wengi. Hakuwaita kwenye vita. Lakini serikali iliyoishi kwa jasho la wafanyakazi hao ilishtuka, na mwezi Juni ikatuma askari kumkamata. Alitoroka.

Kwa takriban miezi mitatu wanavijiji walimficha. Angeweza kuendelea kujificha. Msitu ulikuwepo na watu walikuwepo. Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake na kujisalimisha. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito kuliko miujiza yote inayosimuliwa, maana alijua vizuri mahakama anayoiendea.

Mahakama yenyewe ilikuwa ya kijeshi, katika mji wa Thysville, na hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120, kisha kifo. Baadhi ya wamisionari walimwombea huruma, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwa mkewe Marie Muilu na watoto wao watatu wa kiume.

Alihubiri kwa miezi isiyofika sita, akafungwa miaka 30. Hesabu hiyo inauma, na hatuoni sababu ya kuipaka sukari. Nje ya gereza, wafuasi wake kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu kwenda mikoa ya mbali ili imani yao ife. Huko walikotupwa waliendelea kusali, na majirani wapya wakajiunga nao, hivyo serikali ikawa imeisambaza yenyewe imani iliyotaka kuizima. Marie alibaki akiwatunza waumini kwa siri, chini ya macho ya polisi. Wakristo hawakubaliani kuhusu nafasi ambayo Wakimbangu wanampa mwanzilishi wao, na mjadala huo tunawaachia wachungaji.

Kimbangu alifia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Marie naye alifariki mwaka 1959, miezi michache tu kabla serikali haijalitambua kanisa lao mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu uliondolewa Elisabethville ukazikwa upya Nkamba. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Hukumu ya Thysville ilibaki kwenye vitabu vya mahakama hadi mwaka 2011, mahakama ya juu ya kijeshi ya Kongo ilipoifuta, miaka 60 baada ya mfungwa kufa. Na tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa nchini Kongo.