Georg Ohm, mwalimu aliyepima njia ya umeme

Kuna siku munawasha redio hapa Bwegera na wimbo unatoka unakwaruza kama bati linaloburuzwa kwenye kokoto. Kosa si la mwimbaji. Mara nyingi ni telefone imechomekwa kwenye mlango wa mikro. Mikro inaleta umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Telefone inaweza kuleta nusu volti, hata volti moja. Mlango wa mikro kwenye mikseri umetengenezwa ili ukuze kile kidogo. Kikiingia kikubwa, sauti inapasuka, na tangazo la chanjo ama la barabara iliyofungwa halisikiki tena.

Fundi anaponya ugonjwa huo kwa rezistansi mbili za bei ndogo. Rezistansi hizo zinapimwa kwa omu, na omu ni jina la mtu: Georg Simon Ohm.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee huyo hakupata masomo makubwa, lakini alijisomea hesabu na sayansi, akawafundisha watoto wake nyumbani. Mama yao alikufa Georg akiwa bado mtoto. Mwaka 1805 kijana akaingia chuo kikuu, na kule akapenda zaidi kudansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba akakasirika. Elimu aliyoitafuta kwa jasho, mtoto anaichezea! Akamtoa chuoni, na Georg akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Huko akajirekebisha, akasoma peke yake, na mwaka 1811 akapata udaktari mjini kwao.

Baada ya hapo aliishi maisha ambayo walimu wetu wanayajua vizuri: mshahara mdogo, kuhama shule moja hadi nyingine, kungojea nafasi isiyokuja. Mwaka 1817 akapata kazi kwenye shule moja ya Cologne iliyokuwa na vyombo vya majaribio. Akimaliza vipindi, anarudi kwenye nyaya zake.

Alichukua nyaya za unene mmoja na urefu mbalimbali, akapitisha umeme, akaangalia sindano ya sumaku inageuka kiasi gani. Lakini batri za wakati ule zilikuwa zinalegea katikati ya kazi, kipimo cha asubuhi hakilingani na cha mchana. Mwenzake Poggendorff akamshauri aunganishe metali mbili, kiungo kimoja kikae kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Umeme wake ni mdogo, lakini hauyumbi. Mwaka 1826 hesabu zikakaa sawa: njia ikiwa ngumu mara mbili, umeme unaopita unabaki nusu.

Mwaka 1827 akatoa kitabu chake Berlin, akitumaini kupata kiti chuo kikuu. Wakubwa kadhaa wa elimu wakakidharau. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Cologne kwa uchungu, na miaka mitano akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha. Mwaka 1833 akapata shule ya ufundi Nuremberg. Heshima ilianzia ugenini: mwaka 1841 chama cha wanasayansi cha London kikampa medali ya Copley. Kiti cha profesa kamili Munich alikipata mwaka 1852. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Julai 1854, akafariki. Hakuoa. Mwaka 1881 mkutano wa Paris ukalifanya jina lake kuwa kipimo cha dunia nzima.

Sasa turudi studio. Umeme wa telefone unapitishwa kwanza kwenye rezistansi ya omu 10,000, halafu kwenye ya omu 100 inayorudi kwenye waya wa masi. Umeme uleule unapita zote mbili, kwa hiyo volti zinagawanywa kulingana na ugumu wa kila moja. Volti moja ikiingia, juu ya ile ndogo munapata karibu milivolti 10. Hapo ndipo mikseri inachukua sauti. Imepungua mara mia, yaani desibeli 40, na inatoka safi.

Kama telefone iko na upande wa kushoto na wa kulia, kila upande upewe omu 10,000 zake. Musiunganishe nyaya hizo mbili moja kwa moja. Na kama mikseri inatuma volti 48 kwa ajili ya mikro, zima kwanza, zisije zikaharibu telefone.

Mwalimu huyo hakuwahi kusikia redio hata siku moja. Lakini kila wimbo unaotoka safi katika uwanda wa Ruzizi umepita kwenye hesabu yake, ile waliyoidharau.