Jean de Heinzelin, mtu aliyehesabu alama za Ishango

Ishango ni mahali padogo, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Toka Moba ni mbali sana, lakini watu wa kale wa pale waliishi kama wengi wa kandokando ya Tanganyika: kwa samaki. Jina la Ishango lilifika dunia nzima juu ya mtu mmoja, Jean de Heinzelin de Braucourt.

Alizaliwa mwaka 1920, akasomea jeolojia, yaani elimu ya mawe na udongo. Mwaka 1950, Kongo ikiwa bado koloni ya Wabelgiji, alikuja kuchimba Ishango. Chini ya majivu ya volkano alikuta vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, na kamfupa kamoja ka karibu sentimita 10, kenye kipande cha jiwe gumu nchani. Mwingine angekaweka tu ndani ya sanduku. Yeye aliona alama zimechanjwa kwa mafungu, katika mistari mitatu. Akaanza kuhesabu.

Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila mmoja: yote miwili inatoa 60. Wa tatu unatoa 48, na ndani yake 3 iko kando ya 6, 4 kando ya 8, kama mtu anayezidisha kwa mbili. Tena 11, 13, 17 na 19 ndizo namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zile walimu wanaita nombres premiers. 60 ni kinyume: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30.

Mwaka 1962, katika gazeti Scientific American, de Heinzelin aliandika kwamba waliochanja alama hizo walijua hesabu. Lilikuwa neno zito, kwani ukoloni ulizoea kusema Mwafrika hakuwa na elimu yake. Lakini alipingwa. Mmarekani Alexander Marshack aliona ni kalenda ya mwezi. Wengine walisema huwezi kujua nombre premier kama hujajua kugawanya, na mfupa hauonyeshi hilo. Ubishi haujaisha. Umri ndio uliobadilika: yeye alifikiri ni mdogo zaidi, vipimo vya baadaye vikatoa karibu miaka 20 000.

Alifundisha kwenye chuo kikuu cha Gand, akaendelea kuchimba bonde la Nile na Ethiopia. Alifariki mwaka 1998.

Mfupa uko Brussels, katika musée ya sayansi asilia. Mtoto wa Moba anajifunza namba hizo hizo darasani, lakini akitaka kuuona kwa macho, lazima kwanza apate visa.