Matt Talbot: Kibarua wa Dublin aliyeogopa mfuko wenye pesa

Jumamosi moja ya mwaka 1884, mjini Dublin nchini Ireland, kijana wa miaka 28 alisimama karibu na baa iitwayo O'Meara akiwangoja wenzake watoke kazini. Ilikuwa siku ya mshahara. Yeye hakuwa na senti, kwa sababu wiki hiyo hakufanya kazi. Wenzake walipita makundi kwa makundi, wakamsalimu, wakaingia ndani. Hakuna aliyemwalika hata kwa glasi moja. Na huyu ndiye aliyekuwa mwepesi kuwanunulia wengine siku alizokuwa nazo. Alisimama pale kwa muda, kisha akageuka na kurudi nyumbani kwa mama yake mchana kweupe, hajalewa, jambo lililomshangaza hata mama mwenyewe.

Kijana huyo ni Matt Talbot. Tunamleta kwenu, ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu, kwa sababu kila tunapozungumzia vishawishi hewani ujumbe unaotufikia hufanana sana: mtu amesali, ameungama, amekusudia kwa moyo wote, na kabla ya mwezi kwisha amerudi kule kule. Talbot aliijua hali hiyo vizuri. Tofauti yake ni namna alivyoyapanga mambo madogo ya kila siku baada ya kuikubali.

Alizaliwa Dublin tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya kumi na wawili. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na njaa kubwa ya viazi ilikuwa imepita miaka michache tu kabla. Baba yake, Charles, alifanya kazi bandarini na alikunywa sana. Shule Matt hakuipenda. Alisoma kidogo kwa Mabruda, na daftari la shule lenyewe lilimwandika kuwa mtoro. Akiwa na miaka 12 akapata kazi kwa wafanyabiashara wa mvinyo na bia, kwenye kujaza chupa. Muda si mrefu akaanza kurudi nyumbani amelewa. Baba yake akamchapa, akamhamishia bandarini ili amwangalie kwa karibu. Lakini kule bandarini kazi ilikuwa kwenye maghala ya wiski. Hapo tunamhurumia mzee: alimtoa mtoto kwenye maji akamtia kwenye kina.

Baadaye Matt akawa kibarua wa ujenzi, wa kuwabebea mafundi matofali na chokaa. Alikuwa hodari wa kazi, na mshahara wake wa wiki karibu wote uliishia baani. Ulipokwisha alikopa. Mkopo ukikataliwa, aliuza viatu alivyovaa au shati. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mtaani fidla yake, wakaiuza, wakanywea pesa ile. Mtu yule alikuwa akiishi kwa kupiga hicho chombo barabarani. Kumbuka tukio hilo, tutalirudia.

Basi Jumamosi ile alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba anakwenda kula kiapo cha kuacha pombe. Mama, Elizabeth, alikuwa ameona mengi. Alimruhusu aende kwa jina la Mungu, ila akamwonya asiape kama hana nia ya kushika. Matt akaenda seminari ya Clonliffe, akaungama, akaapa mbele ya padre. Hakuapa maisha. Aliapa miezi mitatu.

Sisi tunaona hapo ndipo palipo na busara ya kwanza. Mtu aliyekunywa tangu utotoni hawezi kuiona miaka arobaini mbele yake. Miezi mitatu aliweza kuihesabu kwa vidole. Na hata hiyo ilimtesa. Alimwambia mama yake wazi kwamba miezi ikiisha atarudi kunywa. Ilipokwisha akaapa miezi sita, halafu ndipo akaapa maisha yake yote.

Saa mbaya kuliko zote zilikuwa zile za baada ya kazi. Mchana mwili ulikuwa na matofali ya kubeba, lakini jioni miguu ilijua njia ya baa yenyewe, bila kuulizwa. Talbot akaamua kubadilisha njia. Akawa akitoka kazini anakwenda kanisa lililo mbali na marafiki wa zamani, anakaa humo hadi muda wa hatari upite. Asubuhi alihudhuria Misa ya saa kumi na moja kabla ya kwenda kazini. Wanaoandika maisha yake husimulia pia kwamba kuna siku alikuwa kwenye foleni ya Komunyo akajiwa na wazo zito kuwa anajisumbua bure, kwamba lazima ataanguka. Akatoka nje. Akajaribu kanisa jingine, wazo likamfuata. Mwishowe alijitupa chini kwenye ngazi za kanisa akisali, watu wakipita kuingia Misa, hadi likamwachia.

Lakini tukio tunalolipenda zaidi ni dogo na halina cha ajabu. Katika siku hizo za mwanzo aliingia baa akiwa na pesa kidogo mfukoni. Alikuwa ameshindwa, tuseme ukweli. Akasimama kaunta akingoja kuhudumiwa. Mhudumu alikuwa na wateja wengi, hakumwangalia. Matt akangoja, akaona amedharauliwa, akatoka kwa hasira, akaenda kanisani akakaa hadi wakati wa kufungwa. Tangu siku hiyo akaacha kutembea na pesa. Hakujidanganya kwamba alishinda kwa nguvu zake, maana alijua fika kwamba mhudumu angegeuka mapema kidogo, angekunywa. Kwa hiyo akaamua kwamba mara nyingine, hata akiingia, mfuko wenyewe ukatae.

Wengi wetu husali sala ya Baba Yetu na kuomba tusitiwe vishawishini, kisha tunatoka na namba ya simu ile ile, tunapita mtaa ule ule, tunakaa na kundi lile lile. Talbot aliisali sala hiyo na kuitii kwa mfuko wake. Baadaye aliacha na kiko, tena husemekana kuwa tumbaku ilimsumbua kuiacha kuliko pombe.

Kisha yakaja madeni. Akazunguka baa zote alizokopa, akilipa kidogo kidogo. Hiyo nayo ni kazi ngumu, kuingia mlango wa baa kwa ajili ya kulipa na kutoka. Na mpiga fidla? Alimtafuta Dublin yote, hata kwenye nyumba za maskini, kwa miaka. Hakumpata kamwe. Mwishowe alitoa pesa ili Misa zisaliwe kwa ajili yake. Kuna madhara ambayo toba hairudishi, na Talbot aliishi akilijua hilo.

Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, unaowapokea walei wanaobaki katika kazi na nyumba zao. Mnamo mwaka 1892 alianza kazi katika yadi ya mbao ya T. & C. Martin, karibu na bandari, na huko ndiko alikozeekea. Hakuwa mhubiri. Wenzake walimjua kama mtu mkimya, mcheshi kwa namna yake, anayetafuta kona ya kusali wakati wa mapumziko. Jioni alisoma. Mtoro yule wa zamani alihangaika na vitabu vigumu, hata vya Mtakatifu Agostino, akiomba msaada pale maneno yalipomshinda. Sehemu kubwa ya ujira wake aliitoa kwa majirani wenye shida na kwa wamisionari. Mwaka 1913 waajiri wa Dublin walipowafungia nje wafanyakazi waliojiunga na chama cha James Larkin, Talbot naye alikuwa mwanachama, na husimuliwa kwamba posho ya mgomo aliwapa wenzake wenye familia, kwa kuwa yeye hakuoa.

Jumapili ya Utatu Mtakatifu, tarehe 7 Juni 1925, akiwa na miaka 69 na moyo uliokwisha kuchoka, alianguka katika kichochoro cha Granby Lane akielekea Misa. Hospitali walipomvua nguo walikuta minyororo mwilini mwake. Hakuna aliyekuwa akijua, isipokuwa wachache. Ilikuwa ishara ya kujitoa kwake, na kwa muda mrefu aliongozwa na padre katika maisha ya kiroho. Aidha, kitandani alilalia ubao na mto wa gogo.

Minyororo hiyo ndiyo iliyompa jina duniani, nasi hatutaificha. Hata hivyo tunaomba msomaji asianzie hapo. Kanisa halimdai mwamini kujifunga minyororo, na mtu asijaribu mambo hayo peke yake. Tena miaka mingi ya minyororo isingekuwapo bila ile miezi mitatu ya kwanza, ambayo haikuwa na chochote cha kutisha: njia ya kurudi nyumbani iliyobadilishwa, mama aliyesema ukweli, mfuko mtupu.

Alizikwa makaburi ya Glasnevin kama kibarua yeyote. Mwaka 1972 masalia yake yalihamishiwa kanisa la Mama Yetu wa Lurdi katika mtaa wa Sean McDermott, mtaa wa wafanyakazi aliowafahamu, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Hajatangazwa bado Mwenye Heri. Hilo linangoja muujiza uthibitishwe. Dublin ina daraja la barabara lenye jina lake juu ya mto Liffey, lililofunguliwa mwaka 1978, si mbali na maghala ya bandari alikojifunza kunywa wiski. Walevi wanaojaribu kuacha, na mama zao, huenda kusali kwenye kaburi lake, wengine wakiwa katika wiki yao ya kwanza.