King Camp Gillette: Mchuuzi aliyeuachia ulimwengu wembe wa kutumia na kutupa

Katika maduka ya Arua, na katika yale ya Koboko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, pakiti ndogo ya nyembe ni bidhaa isiyomshangaza mtu. Fundi cherehani hukatia nyuzi, mama hukatia kucha za mwanawe, na katika familia za Waislamu, Wanubi wakiwemo, wembe ndio unaomnyoa mtoto mchanga siku yake ya saba. Ni kitu chepesi mno hata hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Wembe huo mwembamba wenye makali pande mbili ulibuniwa na Mmarekani King Camp Gillette, mtu ambaye moyo wake ulikuwa katika ndoto nyingine kubwa zaidi.

Kijana wa Chicago

Gillette alizaliwa tarehe 5 Januari 1855 katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, akakulia Chicago. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago, na biashara ya baba yake ikaangamia humo. Kijana huyo akaingia katika uchuuzi wa kusafiri, akinadi bidhaa za wengine kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Katika miaka ya 1890 aliajiriwa na kampuni ya William Painter, mbunifu wa kifuniko cha bati cha chupa ya soda. Kifuniko hicho hufunguliwa mara moja tu, kikatupwa, na kiwanda kikauza kingine. Painter alimshauri mchuuzi wake atafute kitu cha namna hiyo: kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha atarudi dukani.

Hata hivyo, Gillette hakuipenda biashara kama alivyoijua. Mwaka 1894 alichapisha kitabu akidai kwamba ushindani wa kibiashara ndio chanzo cha umaskini, uhalifu na upotevu wa mali. Alipendekeza uzalishaji wote uwe chini ya shirika moja linalomilikiwa na wananchi, na mamilioni ya watu waishi katika mji mmoja mkubwa karibu na maporomoko ya Niagara, wakipata umeme kutokana na nguvu za maji hayo.

Wembe usionolewa

Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 40, Gillette alisimama mbele ya kioo nyumbani kwake karibu na Boston akiwa na wembe uliokuwa butu. Nyembe za wakati huo zilikuwa za kukunja, zenye chuma kinene, na zililazimu kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi na mara kwa mara kupelekwa kwa fundi kunolewa. Hapo ndipo ushauri wa Painter ulipomrudia: kwa nini makali yasiwekwe kwenye kipande chembamba cha chuma kisichonolewa kamwe?

Hakuwa wa kwanza kufikiria usalama wa mnyoaji. Katika karne ya 18, Mfaransa Jean-Jacques Perret aliuvika wembe kinga ya mbao. Mwaka 1880, ndugu wa familia ya Kampfe, wahamiaji kutoka Ujerumani waliofanya kazi New York, walipata hataza ya mashine ya mkono ya kunyolea yenye kinga ya chuma. Lakini wembe wa ndugu hao ulikuwa bado mnene, na bado ulihitaji kunolewa.

Wajuzi wa chuma walimwambia Gillette kwamba chuma chembamba kiasi hicho hakiwezi kufanywa kigumu na kutiwa makali. Alihangaika kwa miaka sita mpaka mhandisi William Nickerson alipobuni mitambo ya kazi hiyo. Kampuni iliundwa mwaka 1901. Mwaka 1903, ambao ulikuwa wa kwanza wa mauzo, iliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hataza yake.

Randa ya Wajerumani

Kufikia mwaka 1908 kampuni hiyo ilikuwa na viwanda Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Hataza ilipomalizika mwaka 1921, mlango ulifunguka kwa wengine, wakiwemo mafundi wa Solingen, mji wa magharibi mwa Ujerumani uliosifika kwa panga na visu tangu Enzi za Kati. Huko ndiko ilikoanzishwa kampuni ya Merkur mwaka 1896, ambayo mashine zake hutafutwa hata leo. Mwaka 1938 jina la Solingen lenyewe lililindwa kwa sheria, lisibandikwe kwenye visu na nyembe zisizotoka huko.

Wajerumani huiita mashine hii Rasierhobel, yaani randa ya kunyolea, na jina hilo linaeleza kazi yake. Kama ilivyo kwa randa ya seremala, makali huchungulia kidogo tu, na bamba la chini huyazuia yasizame. Mpini unapokazwa, wembe hubanwa kati ya kifuniko na bamba hilo na kupindwa kama upinde. Mpindo huo ndio unaolipa bati laini ugumu wake. Baadhi ya mafundi wa Ujerumani waliulaza wembe mshazari, ukate kama kisu kinachovutwa juu ya mkate badala ya kukandamizwa.

Utajiri na anguko

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpa Gillette wateja wasio na idadi. Jeshi la Marekani liliwagawia askari wake mashine milioni 3.5 na nyembe milioni 32, na wengi walirudi makwao na mazoea hayo. Picha ya Gillette, akiwa na masharubu yake, ilichapishwa kwenye karatasi za kufungia nyembe, ikamfanya ajulikane katika nchi ambazo hakupata kuzikanyaga.

Ndoto yake haikufuata njia hiyo. Mwaka 1910 alijaribu kuunda shirika lake la dunia nzima, akamwahidi Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, dola milioni moja akubali kuliongoza. Roosevelt alikataa. Mwaka 1930 kampuni yake ililazimika kuungana na ile ya mshindani wake, Henry Gaisman, baada ya mvutano juu ya hataza. Tundu refu linaloonekana katikati ya wembe wa leo ni urithi wa mvutano huo. Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umekwisha kumeza sehemu kubwa ya mali yake alipofariki dunia huko California tarehe 9 Julai 1932, akiwa na umri wa miaka 77. Mji wa Niagara haukujengwa.

Wembe wake, kwa upande mwingine, ulipata kazi ambayo yeye na Painter hawakuihesabu. Nchini Uganda, wembe mpya ni miongoni mwa vifaa vya Mama Kit, mfuko anaopewa mjamzito kwa ajili ya kujifungua. Mkunga huukatia kitovu cha mtoto mmoja, kisha hautumiki tena, ili damu ya mtu isikutane na ya mwingine na pepopunda isimfikie mtoto. Kutupa, jambo lililobuniwa ili kumrudisha mteja dukani, kumekuwa kinga ya uhai. Gillette alitamani ulimwengu ambamo kila mtu anapata sawa na mwenzake. Katika jambo hili moja dogo, mtoto anayezaliwa Koboko anastahili wembe mpya sawa na yule anayezaliwa Boston.