Askofu Edward Steere na Kazi Zake Nyingi

Mara nyingi tunapoombana msaada katika kazi za Kanisa, jibu linalotangulia ni kwamba nafasi hakuna. Wala si uongo. Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, mama ana shamba na watoto, mwenye duka hafungi mpaka usiku. Na juu ya hayo kuna kwaya, halmashauri ya mtaa, wagonjwa na misiba. Kazi zikizidi, moyo huchoka kabla ya mwili. Kwa hiyo tumeona vema safari hii tueleze maisha ya mtu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko sisi, naye hakukata tamaa. Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misioni ya UMCA, ambaye jina lake linajulikana sana Unguja, Masasi na Magila.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria mpaka akapata udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Lakini uwakili haukumtosheleza moyo. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, na mwaka 1858 upadre, akawekwa kuwa mchungaji wa Little Steeping, kijiji cha wakulima katika Lincolnshire. Jirani yake huko alikuwa Padre William Tozer. Tozer alipochaguliwa mwaka 1863 kuwa Askofu wa Misioni badala ya Askofu Mackenzie, aliyefariki mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi ukawa kazi ya maisha.

Mwaka 1864 walihamia Unguja. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao ya kwanza. Mwalimu hakuwa na lugha ya wanafunzi, wala wanafunzi hawakuwa na lugha ya mwalimu. Basi Steere alianza kujifunza Kiswahili. Hakungoja apate mwaka mzima wa kukaa na vitabu. Alifundisha, aliuguza wagonjwa, alisimamia nyumba, na katikati ya hayo aliketi na wenyeji, miongoni mwao kijana mmoja, Hamisi wa Kayi, akiuliza maneno na kuandika hadithi walizomsimulia. Leo maneno machache, kesho hadithi moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena aliweka mtambo wa kupiga chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi na kuchapa karatasi. Hapa ndipo tunapoiona busara yake. Hakusubiri mpaka kitabu kizima kiishe ndipo akitoe. Sehemu iliyokwisha ilichapwa na kusomwa darasani, huku sehemu nyingine ikitengenezwa. Hivyo kila siku walikuwa na kitu mkononi cha kuwaonyesha kwamba kazi inakwenda. Sisi tuliofundisha walimu miaka mingi twajua kwamba hakuna jambo linalomtia mtu nguvu kama kuona kipande cha kazi kimemalizika, hata kikiwa kidogo.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza mtaani kwake, na mtu yeyote angesema amemaliza zamu yake. Lakini akiwa huko, mwaka 1870, alitoa kitabu chake cha mafundisho ya lugha ya Kiswahili na kile cha hadithi za Waswahili. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kubomoa majengo mengi. Misioni ilikuwa karibu kufa: watenda kazi wachache, wengine wamekufa, wengine wagonjwa, na Askofu Tozer mwenyewe afya yake imevunjika. Mwaka huo huo Steere alirudi Unguja. Tozer alijiuzulu mwaka 1873, na mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa Askofu katika Westminster Abbey.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Misioni ikapata kiwanja cha soko lile pale Mkunazini. Sehemu yake ilitolewa na mfanya biashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Steere ndiye aliyekuwa mchoraji na msimamizi wa mafundi. Aliwafundisha kujenga dari ya tao kwa mawe ya matumbawe na saruji, na watu wengi walidhani itaanguka siku boriti za kuishikilia zitakapoondolewa. Haikuanguka. Husimuliwa hata leo kwamba siku moja Askofu asipokuwapo, mafundi walizisimamisha nguzo ndogo kichwa chini. Nguzo zile zimebaki hivyo, na kanisa linasimama. Lilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1879, yaani miaka 6 kamili tangu jiwe la kwanza.

Wala miaka ile hakukaa Unguja tu. Mwaka 1875 alitoka Lindi kwa miguu mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliofunguliwa utumwani, zaidi ya 50, waende kuanza maisha mapya bara, nao wakakaa Masasi. Kisha akarudi pwani kwenye chokaa yake, karatasi zake na darasa lake.

Twaweza kuuliza, mtu mmoja aliwezaje? Tunaona mambo matatu. La kwanza, aliigawa kazi kubwa katika vipande vidogo, na kila kipande akakimaliza. La pili, alibadilisha kazi: akili ilipochoka kwa kufasiri, mikono ilikwenda kwenye mtambo au kwenye ujenzi, na badiliko lile likawa namna ya kupumzika. La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, hakuishikilia kazi kama mali yake. Aliyejua kuchapa alimfundisha mwenzake. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa jahazi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Na katika yote, wenzake walimjua kuwa mtu wa utani na maneno machache, si mtu wa kulalamika.

Lakini tusiwafiche wasomaji upande wa pili. Mke wake hakuwa na afya ya kuishi Unguja, akabaki Uingereza. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliishi mbali mmoja na mwenziwe. Homa za pwani nazo hazikumwacha. Mwaka 1882 alikwenda Uingereza, akarudi mwezi wa Agosti, na siku chache baadaye alifariki Unguja, umri wake miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Hatusemi haya ili kumlaumu. Twasema ili mtu mwenye kazi nyingi ajue kwamba kazi hulipiwa gharama, na mara nyingi wanaolipa ni watu wa nyumbani. Ni vema kuihesabu gharama hiyo mapema, tena pamoja nao.

Alipokufa, kazi haikufa. Tafsiri ya Agano Jipya ilikuwa imekwisha, na wengine wakalimaliza Agano la Kale. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani katika shule ya Misioni, akawa padre. Hilo ndilo jibu la bidii yake: aliacha watu wanaoweza.

Basi ndugu, tunaposema hatuna nafasi, kwanza tutazame kazi zetu. Ipi yaweza kugawanywa ikafanywa kidogo kila siku? Ipi tunayoishikilia peke yetu, nayo ingefaa tumfundishe kijana mmoja aichukue? Mwenye kwaya na amfundishe mwimbishaji wa pili. Mtunza hazina na aketi na msaidizi wake mbele ya daftari la hesabu. Mama mwenye watoto na aambiwe mapema zamu yake ya kusafisha kanisa, tena apewe mwenzake. Tukifanya hivyo, jioni tutarudi nyumbani mapema kidogo, tukiwa na moyo wa kuzungumza na watu wetu.