Mpiga Kinanda wa Parokia: Maisha ya Olivier Messiaen (1908–1992)



Katika siku za Yubile ni desturi njema kuwakumbuka wale waliotujengea nyumba ya Mungu: wamisionari wa kwanza, mapadri, masista, makatekista, na akina mama waliobeba maji na matofali kichwani. Lakini kuna watumishi wengine ambao twawasikia kila Dominika, na mara chache twafikiri kuwashukuru. Ndio waimbaji, wapiga ngoma na wapiga kinanda. Misa ikiisha sisi hutoka nje kusalimiana uwanjani, nao wangali wakiimba na kupiga, mpaka kanisa linabaki tupu.

Kwa ajili yao nimependa kueleza hapa maisha ya mtu mmoja wa Ufaransa, Olivier Messiaen. Hakuwa mtu wa nchi yetu. Lakini alikuwa mtu wa parokia kama sisi, alikwenda vitani kama wazee wetu wengine walivyokwenda, akafungwa na adui, kiisha akarudi kukaa pahali pake penye kinanda. Kanisa moja alilitumikia muda wa miaka 61. Nani kati yetu anaweza kusema vile?

1. Utoto wake

Olivier alizaliwa tarehe 10 Desemba 1908 katika mji wa Avignon, upande wa kusini wa Ufaransa. Baba yake, Pierre, alikuwa mwalimu wa Kiingereza, naye aligeuza michezo ya Shakespeare katika Kifaransa. Mama yake, Cécile Sauvage, alikuwa mtunga mashairi. Alipokuwa na mimba ya Olivier alitunga mashairi juu ya mtoto yule aliyekuwa bado tumboni.

Vita ya 1914 ilipoanza, baba aliitwa jeshini. Mama akawapeleka watoto wake wawili, Olivier na mdogo wake Alain, katika mji wa Grenoble, karibu na milima mikubwa ya Alpi. Huko mtoto Olivier alianza kujifundisha piano mwenyewe, naye aliipenda milima ile mpaka kufa kwake. Juu ya imani, alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba amezaliwa nayo. Vitabu vilivyomfurahisha tangu udogo vilikuwa vile vilivyomfungulia mafumbo ya Mungu.

Katika mwaka 1919, kabla hajatimiza miaka 11, alipokewa katika shule kubwa ya muziki ya Paris. Alikaa huko muda wa miaka zaidi ya kumi. Marcel Dupré alimfundisha kinanda cha kanisa, na Paul Dukas alimfundisha kutunga. Katika mwaka 1927 mama yake aliaga dunia, naye Olivier alikuwa na miaka 18 tu.

2. Katika kanisa la Utatu Mtakatifu

Mwaka 1931 parokia ya Utatu Mtakatifu ya Paris ilikuwa ikitafuta mpiga kinanda, naye Olivier akapewa kazi hiyo. Alikuwa na miaka 22. Kinanda cha kanisa lile ni kikubwa sana, cha mabomba mengi yanayojazwa upepo, nacho kilijengwa katika karne ya 19 na fundi mashuhuri Aristide Cavaillé-Coll. Katika mwaka 1932 Olivier alimwoa Claire Delbos, mpiga violini na mtunga muziki. Walipata mtoto mmoja, Pascal, katika mwaka 1937.

Tusifikiri kwamba waamini wote walimfurahia. Sauti alizozitunga zilikuwa ngeni masikioni mwa watu. Wengine walinung'unika, na bibi wazee wengine, kama alivyosimulia mwenyewe, walidhani shetani ameingia ndani ya mabomba ya kinanda. Je, alifanya nini? Hakukasirika na kuacha kazi. Wala hakuzika kipawa alichopewa. Dominika ikawa na mpango wake: katika Misa kubwa alifuata nyimbo za kale za Kilatini, zile za Gregori, katika Misa ya saa tano alipiga kazi za mabwana wa zamani, katika Misa ya saa sita adhuhuri alipiga muziki wake mwenyewe, na jioni, katika Vespera, alipiga yaliyomjia papo hapo, bila karatasi mbele yake. Hivi mzee aliyependa mambo ya zamani alipata sehemu yake, na aliyetaka mapya alipata yake. Masikilizano ya namna hii ni somo kubwa kwa kila parokia yenye korali zaidi ya moja.

Katika miaka ile aliandika La Nativité du Seigneur, yaani mafikara tisa juu ya Kuzaliwa kwa Bwana, katika mwaka 1935. Katika mwaka 1937 aliandika wimbo mfupi wa Ekaristi, O sacrum convivium, ambao korali nyingi za dunia zingali zikiuimba.

3. Vita na kifungo

Katika mwaka 1939 vita kuu ya pili ilianza, naye Olivier akaitwa kuwa askari. Kwa sababu macho yake yalikuwa mabaya, hakuwekwa mstari wa mbele penye bunduki. Alifanya kazi za mikono, kiisha akawekwa kati ya wauguzi wa jeshi. Huko Verdun alikutana na askari wenzake wawili waliokuwa wanamuziki: Étienne Pasquier, mpiga selo, na Henri Akoka, mpiga klarineti. Pasquier na Olivier walipenda kupangiwa zamu ya ulinzi wa alfajiri, ili wasikilize ndege wanavyoanza kuimba, kwanza mmoja, kiisha wote pamoja.

Mwezi wa Juni 1940 jeshi la Ufaransa lilishindwa, nao wakakamatwa na Wajerumani. Wafungwa wengi walikusanywa katika shamba wazi karibu na mji wa Nancy. Katika mfuko wake Olivier alikuwa na vitabu vidogo vya muziki, naye alivishika kwa nguvu, hakukubali kunyang'anywa. Katika shamba lile Akoka alijaribu mara ya kwanza muziki ambao Olivier alimwandikia, wa klarineti peke yake, na Pasquier akamshikia karatasi mbele ya macho.

Kiisha walisafirishwa mbali, mpaka kambi iliyoitwa Stalag VIII-A, katika mji wa Görlitz. Pahali pale pa kambi leo ni katika nchi ya Polandi. Kulikuwa na njaa, na baridi kali ya theluji, na maelfu ya wafungwa wa mataifa mbalimbali. Huko walimkuta mpiga violini, Jean Le Boulaire. Askari mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, mlinzi wa kambi aliyejua Kifaransa, alimhurumia Olivier. Alimpa karatasi, kalamu na pahali pa utulivu ili aandike. Tukumbuke jambo hili: hata upande wa adui Mungu ana watu wake.

4. Usiku wa tarehe 15 Januari 1941

Hivi Olivier alitunga kazi yake inayojulikana kuliko zote, Quatuor pour la fin du Temps, maana yake muziki wa watu wanne kwa ajili ya mwisho wa nyakati. Aliitoa katika sura ya 10 ya Kitabu cha Ufunuo, pale malaika mwenye upinde wa mvua kichwani anainua mkono mbinguni na kutangaza kwamba muda hautakuwapo tena. Ina sehemu nane. Saba ni hesabu ya siku za kuumba pamoja na siku ya pumziko la Mungu. Ya nane ni siku ya mwanga usiokwisha. Sehemu mbili ni za kumsifu Yezu: moja kwa selo na piano, nyingine, ya mwisho kabisa, kwa violini na piano.

Mfungwa anahesabu siku. Kila asubuhi anauliza: bado ngapi? Olivier hakuandika juu ya njaa yake, wala juu ya chuki kwa waliomfunga. Aliandika juu ya uzima wa milele, ambamo hakuna tena kuhesabu siku. Ndiyo sababu nasema kwamba kazi ile ni katekesi.

Tarehe 15 Januari 1941, jioni, katika kibanda kimoja cha kambi, wale wanne walipiga muziki huo mara ya kwanza. Piano ilikuwa kuukuu, na vibao vyake vingine vikibonyezwa havikurudi juu. Wakubwa wa kambi walikaa mbele, wafungwa nyuma yao. Watu wengine wamesimulia kwamba walikuwa elfu tano. Lakini kibanda kile kingeweza kupokea mia chache tu. Ukweli hauhitaji kuongezwa. Wafungwa wengi hawakuelewa muziki ule, wengine haukuwapendeza, lakini walinyamaza na kusikiliza.

Mwaka ule ule wa 1941 wazee wetu wa Force Publique walikuwa wakipigana katika nchi ya Abisinia, ambako mwezi wa Julai Waitalia walijitoa mikononi mwao huko Saio. Vita ilikuwa moja, na jasho la watu wengi lilimwagika pahali mbalimbali.

Njia za wale wanne ziliachana. Akoka, aliyekuwa Myahudi, alitoroka mwaka huo kwa kuruka kutoka gari la moshi, na klarineti yake mkononi. Pasquier aliendelea na selo yake. Le Boulaire aliweka violini chini, akawa mchezaji wa tamthilia. Messiaen aliachiliwa mwaka 1941, akarudi penye kinanda chake.

5. Mwalimu, na msalaba wa nyumbani

Katika mwaka huo alianza kufundisha katika shule ile ile iliyomlea, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka 1978. Kutoka mikononi mwake walipita Pierre Boulez, Karlheinz Stockhausen, Iannis Xenakis na wengine wengi waliojulikana kila pahali. Hakuwalazimisha kumfuata yeye. Alimsaidia kila mmoja kuitafuta sauti yake mwenyewe.

Lakini nyumbani alibeba msalaba mzito. Baada ya kupasuliwa, mke wake Claire alianza kupoteza kumbukumbu, na ugonjwa ukaongezeka mwaka kwa mwaka, hata ikawa lazima akae katika nyumba ya wagonjwa. Mume alimlea mtoto wao na kufanya kazi za nyumbani kwa mikono yake. Claire alifariki mwaka 1959. Katika mwaka 1961 Olivier alimwoa Yvonne Loriod, mpiga piano aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye aliipeleka kazi yake katika nchi nyingi.

Furaha yake kubwa ilikuwa ndege. Alfajiri alikwenda porini na daftari, akaandika nyimbo zao kama mwanafunzi anayeandika yale anayosomewa na mwalimu. Kwake ndege walikuwa waimbaji wa kwanza wa Muumba. Katika miaka 1956–1958 aliandika Catalogue d'oiseaux, vipande 13 vya piano juu ya ndege za Ufaransa.

6. Uzee na kifo chake

Katika mwaka 1964 serikali ya Ufaransa ilimwomba muziki wa kuwakumbuka waliokufa katika vita kuu mbili. Yeye, aliyekuwa mfungwa wa vita, hakuandika muziki wa ushindi. Aliandika Et exspecto resurrectionem mortuorum, juu ya kuwangojea wafu wafufuke. Ulipigwa mara ya kwanza mwaka 1965 katika Sainte-Chapelle ya Paris, kiisha katika kanisa kuu la Chartres mbele ya Generali de Gaulle.

Muda wa miaka minane alifanya kazi juu ya maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na mwaka 1983 mchezo huo wa kuimbwa ulionyeshwa Paris. Kitabu chake cha mwisho kikubwa cha kinanda, cha mwaka 1984, kilikuwa juu ya Sakramenti Takatifu. Heshima za dunia zilimjia nyingi, lakini hata hapo hakuacha kuhesabiwa kuwa mpiga kinanda wa parokia yake. Alifariki tarehe 27 Aprili 1992, akiwa na miaka 83. Alizikwa Saint-Théoffrey, karibu na milima aliyoipenda tangu utoto, na jiwe la kaburi lake limechongwa kwa umbo la ndege.

7. Neno kwa korali zetu

Ndugu waimbaji na wapiga vyombo, maisha haya yanatuambia nini siku ya Yubile? Mara nyingi twaona korali ikigawanyika sababu ya kiti cha mbele, au sababu ya wimbo mmoja kuachwa. Twaona kijana mwenye kipawa akiacha kuja kanisani kwa kuwa hakushukuriwa. Huyu bwana alinung'unikiwa na waamini wake, akafungwa katika baridi na njaa, akauguza mke asiyekumbuka tena mambo. Na Dominika alipanda ngazi ya kinanda. Kipawa kikubwa ni zawadi ya wachache. Lakini kukaa pahali pa utumishi mpaka mwisho, jambo hilo kila mmoja wetu aweza kulifanya, awe na kinanda cha mabomba, awe na ngoma moja ya ngozi.

Bwana awapokee katika wimbo usiokwisha wote waliotuimbia katika kanisa letu na ambao leo wamelala makaburini, nasi atujalie kukutana nao katika ile siku ya nane.