Mtoto wa Nyumba ya Maskini Aliyefika Kageye

Tukisimulia jinsi Injili ilivyofika ziwani kwetu, mara nyingi tunaanza na Stanley. Aprili 1875, akiwa kwa Kabaka Mutesa, aliandika barua ya kuomba wamisionari. Ilipochapishwa London Novemba mwaka huo, Chama cha CMS kiliitikia, na mwaka 1877 watu wake wa kwanza walikuwa wamefika ziwani. Hayo tunafundishwa tangu darasa la kipaimara. Utoto wa mtu huyo hatusimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 huko Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, naye alimwacha kwa babu mzaa mama. Mzee huyo alifariki ghafla mtoto akiwa na miaka 5. Wajomba wakamlipia kwa watu baki, kisha wakaacha kulipa. Basi siku moja ya Februari 1847, kijana wa nyumba ile alimchukua safari, mara akimtembeza, mara akimbeba mabegani, huku akimwambia anampeleka kwa ndugu ya mama yake. Wakafika kwenye jengo kubwa la mawe mjini St Asaph. Kijana akapiga kengele, mtoto akaingizwa ndani, na kijana akaenda zake. Kumbe ilikuwa nyumba ya maskini, walikowekwa wazee, wagonjwa na yatima wasio na wa kuwalisha. Alikaa humo miaka 9. Stanley mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba uchungu wa kudanganywa siku ile haukupungua kamwe.

Nasi huku tumeona mtoto aliyefiwa akiambiwa anakwenda kumsalimia shangazi, kumbe ndiyo anahamishwa moja kwa moja. Anayemdanganya huwa na nia njema, hataki mtoto alie. Tunawaomba wazazi, wajomba na akina shangazi wamwambie kweli, na akilia wakae naye.

Alipokuwa na miaka kama 10, mkubwa wa nyumba ile alimwonyesha mwanamke mmoja aliyeletwa humo na watoto wawili, akamwuliza kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mama yake, naye alimtazama mwanawe kwa baridi. Mwaka 1862 Stanley alirudi kutoka Marekani akiwa mgonjwa na nguo zimechakaa, akabisha hodi kwa mama huyo. Akafukuzwa.

Wakati huo alikwisha kujipa jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans. Alidai kwamba mtu huyo alimfanya mwanawe, jambo ambalo watafiti wengi hawaliamini. Alipopata sifa mwaka 1872 kwa kumwona Livingstone, magazeti yakataja asili yake, naye akakana. Watu walimwona mwongo tu. Sisi tunaona mtoto anayeogopa kurudishwa langoni.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 habari za utoto wao. Waliopata mapigo mengi utotoni ndio walioonekana zaidi kuwa na huzuni nzito, ulevi na majaribio ya kujiua. Jeraha la namna hii huweza kukaa miaka 30 na zaidi, likatokea mbali na lilikoanzia.

Stanley alifika Kageye, ufukoni mwa Ghuba ya Speke, mwishoni mwa Februari 1875. Aprili, akizunguka ziwa kwa mashua yake, watu wa kisiwa cha Bumbire waliivuta mashua nchi kavu, wakachukua makasia na kumdhihaki. Aliponyoka kwa risasi. Agosti alirudi na mitumbwi mingi, akawapiga risasi waliosimama ufukoni, akaua makumi ya watu. Hata Uingereza wengi walimlaumu. Tusiseme nyumba ya maskini ndiyo iliyoua Bumbire. Wengi walioteswa utotoni hawajamdhuru mtu. Lakini mtu huyu hakuweza kuvumilia kudharauliwa, na waliolipa ni watu wa Bumbire, ambao hawakuijua St Asaph.

Mwaka 1889 alipita tena kusini mwa ziwa, akapumzika Usambiro kwa Alexander Mackay wa CMS, miezi michache kabla Mackay hajafa. Mwaka uliofuata akaoa.

Mwaka 1896, akiwa na miaka 55, yeye na mkewe Dorothy walipokea mtoto mchanga wa Kiwelshi, wakamwita Denzil. Akampenda sana. Miaka hiyohiyo alijaribu kuandika habari za maisha yake, na sehemu ya utoto ndiyo aliyoiandika kwa kirefu. Hakukimaliza kitabu. Alifariki tarehe 10 Mei 1904, na Dorothy akakichapisha mwaka 1909, nyumba ya maskini ikiwa imeandikwa humo waziwazi.